Kwetu Hatuli Wali Juu ya Maji

Jumatatu, 1 Septemba

Kliniki, Butiama. Nimefika saa moja asubuhi, kofia hadi machoni. Nilikusudia kuonekana kama mtu aliyekuja kumwangalia mgonjwa. Nesi Sabina ameniharibia. Ameniita kwa jina kamili, Mwalimu Bonifasi, kisha namba ya kadi, kisha ugonjwa wenyewe. Kwa sauti! Afadhali wote waliokuwa kwenye benchi ni wagonjwa wa kisukari hichohicho, na wao pia walikuwa na kofia.

Sukari 14.2. Nesi amesema vidonge peke yake haviwezi kitu kama mdomo haufungwi. Kanichorea sahani kwenye karatasi: nusu mboga za majani, robo ugali wa dona, robo samaki. Wali heri nisiuone. Chapati, maandazi na soda nivipishe njia. Nikauliza, na juisi ya boksi? Alinitazama kama nilivyokuwa nawatazama darasa la nne B.

Nirudi Jumatatu ijayo. Sukari ikiwa bado juu ya kumi, naanza sindano. Kila siku. Tumboni. Nijichome mwenyewe! Mimi, ambaye siku ya chanjo shuleni nilijifungia ofisini mpaka gari la afya likaondoka, na nilikuwa mwalimu mkuu.

Na keshokutwa naingia melini. Umoja wa Wastaafu umekodi meli, siku tano ziwani, kipeperushi kinaita kruzi. Kinasema milo mitatu kwa siku, kula bila kipimo. Watu arobaini, sahani arobaini, macho themanini. Hakuna hata mmoja anayejua nina kisukari. Hata mke wangu Nyangi, anayebaki nyumbani, hajui. Na zaidi ya wote, Stanislausi asijue.

Stanislausi wa Murangi. Tulifundisha naye shule moja miaka kumi na moja. Yeye ana kisukari na anakitangaza kama cheo. Mwaka jana kwenye mkutano wa Umoja nilisimama nikasema, mbele ya wote, kwamba kisukari ni ugonjwa wa watu wasioweza kunyanyuka mezani. Watu walicheka sana. Nilikaa nimeridhika. Miezi mitano baadaye nikapimwa.

Siwezi kuugua ugonjwa niliowachekea watu. Lazima kuna njia.

Jumanne, 2 Septemba

Njia hakuna. Nimekaa mchana kutwa na kalamu.

Nikisema tumbo linauma, wastaafu arobaini watanipa dawa arobaini. Wengine wameshafungasha mizizi. Nikisema nimefunga, hii si Kwaresima, na nusu ya abiria ni wa parokia yetu. Nikisema sina njaa hakuna atakayeniamini. Wananijua.

Vidonge nimevimimina kwenye kopo la pipi za kifua. Nyangi akauliza kwa nini nabeba pipi za kifua wakati sikohoi. Nikasema ziwani kuna upepo. Akaniongezea sweta kwenye begi. Mbili.

Jumatano, 3 Septemba

Musoma. MV Subira. Ni meli ndogo, nyeupe, na nyuma kabisa amefungwa mbuzi wa karamu ya Jumamosi. Tumeondoka saa nne badala ya saa mbili kwa sababu ya picha.

Chakula cha mchana: pilau, chapati, soda. Halafu, kwa wanaotaka, sato wa kuchemsha, mchicha na ugali. Niliketi kwa mahesabu, mbali na Stanislausi. Akahamia karibu. Akatoa kimashine chake, akajitoboa kidole mbele ya kila mtu, akasoma 6.1 kama anayetangaza matokeo ya darasa la saba. Wakampigia makofi! Kidole kimetobolewa, watu wanapiga makofi. Sielewi dunia hii.

Hapo akafika Adventina, mpishi, mama wa Bunda mwenye mwiko wa kupakulia mkubwa kama kasia. Pilau ikaanza kushuka kwenye sahani yangu. Kila mtu ananitazama. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema kwamba kwetu, katika ukoo wetu, hatuli wali tukiwa juu ya maji.

Sijui ilitoka wapi! Sikuwa nimeipanga.

Adventina aliondoa sahani kwa mikono miwili. Akaniomba radhi. Akasema angeambiwa mapema asingenikosea. Meza nzima ikainamisha vichwa kwa heshima. Nimejifunza jambo kubwa: ukiwaambia watu wa Mara una ugonjwa, watakushauri mpaka ufe. Ukiwaambia una mwiko, hawaulizi. Kila ukoo una kitu chake usichokigusa, na wa mwenzio haukuhusu.

Akauliza, na chapati je? Nikasema chapati ni ndugu wa wali. Na soda? Nikasema soda ni maji juu ya maji. Mimi mwenyewe sikuelewa nilichosema. Adventina alielewa, akaiondoa.

Nimekula sato mzima, mchicha mlima na ugali kidogo. Kama karatasi ya Nesi Sabina ilivyo. Usiku vilevile. Stanislausi alinitazama tu. Wivu.

Ningekuwa nimezaliwa Ulaya ningekuwa balozi.

Alhamisi, 4 Septemba

Tatizo. Kubwa.

Shangazi Wankyo yumo melini. Dada yake baba, miaka sabini na tisa, mjane wa karani wa pamba, na kwa hiyo naye ni mwanachama. Jana mawimbi yalimlaza chumbani siku nzima. Leo ameamka mzima, amekaa mezani, amechukua pilau, na mtu mmoja mwenye kiherehere akamwuliza mbona yeye anakula wali juu ya maji na mwanawe Bonifasi hali.

Nilijiandaa kuitwa mwongo. Nilikuwa tayari nimetazama mlango.

Shangazi akaweka kijiko chini. Akaniuliza nimeusikia kwa nani huo mwiko. Nikasema kwa marehemu baba. Baba alikaa Butiama maisha yake yote na ziwa aliliona kwa mbali tu, akienda Musoma. Shangazi akaisogeza mbele sahani ya pilau. Kisha akasema, taratibu, kwamba aliwahi kula wali kwenye kivuko cha Kisorya, mara mbili, akienda kwa binti yake Ukerewe. Na wiki ileile ya mara ya pili, goti lake la kushoto likaanza.

Meza yote ikasema mmh.

Nikasema pengine ni umri. Akanikemea. Umri ungeshika magoti yote mawili.

Lameck, mtoto wa baba yangu mdogo, bwana shamba mstaafu na mpenzi mkubwa wa pilau, alikuwa na kijiko mdomoni. Akaamriwa ateme. Akatema. Kumbe melini tuko wanane wa ukoo wetu! Sikuwa nimehesabu. Wenzangu wote saba wakarudisha sahani. Adventina akasimama na sufuria la pilau, upande wetu wa meza hana wa kumpa.

Lameck alikuja baadaye akaniambia kwamba amekula wali kila mahali alikofanya kazi, mpaka kwenye mitumbwi, na hajapata neno. Nikamwuliza, una hakika? Akafikiri. Akasema kulikuwa na ile pikipiki iliyoibiwa. Akaondoka ameinama.

Nimebaki najiuliza. Vipi kama ni kweli? Labda baba alisema kweli na mimi nimekumbuka huku nikidhani natunga. Inawezekana? Kuna namna ya kujua?

Vidonge nimekunywa. Sato nimekula. Mambo si mabaya.

Ijumaa, 5 Septemba

Mambo ni mabaya.

Kikao cha ukoo baada ya chai, nyuma ya meli, karibu na mbuzi. Lameck alikuwa hajalala. Alikuja na hoja, kama mtu aliyesomea kilimo: mchele kwetu umekuja juzi. Wazee wa zamani walikula mtama na ulezi. Mwiko wa wazee utakatazaje kitu ambacho wazee hawakukijua?

Nikajua nimekwisha. 

Shangazi Wankyo akasema Lameck amesema kweli. Haukuwa wali. Bonifasi aliambiwa kitu akiwa mtoto, akakumbuka kingine, watoto ndivyo walivyo. Basi tutafute kilikuwa nini. Akatazama maji, halafu akasema mwenyewe, na hapa nayaandika maneno yake kama yalivyo:

"Siye ni watu wa ng'ombe. Huku ziwani ni kwa watu. Na samaki ndio mifugo ya ziwa. Mgeni hachinjagi ng'ombe wa mwenyeji."

Hata mbuzi alitulia. Ilikuwa nzuri mno. Nilimwona baba kabisa, amekaa kwenye kigoda, ananiambia maneno hayohayo. Baba hakuniambia! Lakini nilimwona.

Ikapitishwa. Ukoo wetu hauli samaki juu ya maji. Wali ruksa.

Lameck alikimbia jikoni.

Nikajaribu kurudi nyuma. Nikasema labda vyote viwili, wali na samaki, kwa usalama. Shangazi akasema miiko haijumlishwi kama hesabu za shule. Nikauliza, na sisi Wakatoliki, je, mambo haya yanatuhusu kweli? Akasema kitubio kinafuta dhambi, lakini mwiko si dhambi, mwiko ni mwiko. Kisha akaamua kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyeupotosha, nitapakuliwa wa kwanza na kula mbele ya wote, ili ionekane kosa limerekebishwa.

Pilau. Mlima wa pilau. Wenzangu saba wananingoja nimalize ndipo waanze.

Nikageukia mchicha. Mchicha wa leo umeungwa na dagaa. Umeondolewa. Maharage hayakununuliwa. Nyama pekee melini ina pembe na inasubiri kesho. Nikaomba ugali. Ugali umesongwa kidogo, wa walaji samaki tu. Nimeletewa chapati mbili kufidia. Na soda, kwa sababu, alisema Adventina kwa furaha, sasa yale maji juu ya maji hayana neno tena.

Hapo Stanislausi akainuka, huku anamalizia sato wake. Akasema yeye ni mzaliwa wa Murangi, baba yake mvuvi, babu yake mvuvi. Kwa hiyo ndiye mwenyeji wa ziwa hili. Anawakaribisha wageni wake wote wa ukoo wa Mwalimu Bonifasi wale samaki, wasiogope.

Ni nani aliyemwuliza? Anajipa ziwa zima! Shangazi akamshukuru vizuri sana, kisha akamjibu kwamba karibu hutolewa mgeni akiwa bado yuko kwake, haitolewi akiwa ameshafika njiani. Stanislausi akaketi. Akanitazama tena. Sipendi anavyonitazama.

Nimekula. Ningefanyaje?

Jumamosi, 6 Septemba

Ukerewe. Nchi kavu! Usiku kucha niliingoja. Niliamka mara nne kwenda chooni na kila mara nikajisemea, kesho Nansio, kesho samaki. Mwiko ni juu ya maji, na Nansio kuna barabara, kuna benki, kuna ng'ombe.

Tumeshuka. Nimeingia hoteli ya kwanza, nikaagiza sato wa kuchemsha na mboga. Alikuwa ameshafika mezani. Anafuka moshi. Lameck akatokea mlangoni akaniuliza, kwa upole wa kisasi, kisiwa kiko wapi?

Nikamwambia kisiwa ni nchi. Akasema kisiwa ni nchi iliyoko juu ya maji. Nikamwambia basi hata Afrika. Akaenda kumwita Shangazi.

Shangazi akaja na fimbo. Akauliza swali moja: tumefikaje hapa? Kwa meli. Tutatokaje? Kwa meli. Basi bado tuko safarini juu ya maji. Sato akaondolewa. Nilimfuata kwa macho mpaka jikoni. Kaletwa wali.

Nina kiu isiyo ya kawaida. Chupa tatu tangu asubuhi. Choo mara tisa. Mabango ya dukani herufi zinaogelea. Nimesoma tangazo la saruji mara tatu, sijajua linauza nini. Miguu mizito. Naogopa. Nimeandika naogopa na sitalifuta, daftari hili halisomwi na mtu.

Saa tisa nilikuwa kwenye benchi la meli, upande wa kivuli. Stanislausi akaja akakaa. Hakusalimia. Akaweka kimashine chake kati yetu, kwenye mbao, na kile kisindano kidogo.

"Mwalimu," akasema, "siku nilipoambiwa, nilijifungia stoo nikalia. Mke wangu akadhani nimefiwa. Lete kidole."

Sikumtazama. Nilijua nikimtazama nitalia na mimi, na mbele yake, bora nife. Na sindano ile niliiona inaniangalia. Mdomo ukafunguka wenyewe tena. Nikasema kwamba kwetu hatumwagi damu juu ya maji.

Stanislausi akafumba macho.

Nyuma yetu Shangazi Wankyo alikuwa amelala kwenye kiti cha plastiki. Hakuwa amelala! Akasema, kumbe na hilo nalijua, mbona nilikuwa nalificha? Akaita ukoo. Na sasa ni rasmi: damu haimwagwi juu ya maji. Na kisiwa ni maji. Kwa hiyo mbuzi wa karamu hachinjwi melini, wala Nansio, wala popote mpaka Musoma. Adventina alikuwa na kisu mkononi tayari. Katibu wa Umoja akauliza kama mwiko wa watu wanane unaweza kuzuia nyama ya watu arobaini. Shangazi akamwuliza kama yeye yuko tayari kurudi Musoma kwa meli iliyomwagiwa damu na watu wakiwa na hofu. Akatazama mawimbi. Akasema hapana.

Nyama ya mbuzi ningeweza kula! Ilikuwa chakula pekee kilichobaki duniani ambacho ningeweza kula, na nimejinyima mwenyewe kwa kinywa changu.

Karamu imekuwa ya wali na chapati. Nimepakuliwa wa kwanza. Mbuzi ameletewa majani ya viazi. Majani mabichi, mengi. Nimemwonea wivu, naapa.

Jumapili, 7 Septemba

Musoma, alasiri.

Sikumbuki vizuri safari ya kurudi. Nilisikia rozari, nilisikia Lameck akiomba aongezewe pilau. Meli ikagonga gati. Kwenye ngazi ya kushukia niliona ngazi mbili, nikachagua isiyokuwepo.

Stanislausi alinidaka. Mtu wa miaka sitini na minane! Akanivuta nyuma ya magunia ya dagaa, akanikalisha. Nikaanza kusema, kwetu... Akasema, "Kwenu wapi? Uko nchi kavu sasa. Nyamaza." Akanitoboa.

Sikuhisi kitu. Nilikuwa nimepiga kelele kabla.

21.4. Alinionyesha. Akataka twende hospitali palepale. Nikasema kesho ni kliniki yangu. Hapo ndipo nilipogundua nimejitaja. Akasema anajua, amejua tangu Jumatano, mtu anayemeza pipi za kifua kwa maji mara mbili kwa siku si mtu wa kikohozi.

Watu wakaja kuuliza nina nini. Nikangoja aseme. Alikuwa na kila haki. Nilikumbuka mkutano wa mwaka jana, vicheko, na yeye alivyokuwa amekaa mstari wa pili akitazama viatu vyake. Stanislausi akawaambia Mwalimu kalewa mawimbi, wampishe apate hewa. Basi. Akaninunulia maji, akanitafutia gari la kupitia Makutano, akamwambia dereva aniache mlangoni.

Njia nzima nimejiuliza anataka nini. Ana siri yangu mkononi. Mtu mwenye siri ya mwenzake hutaka kitu. Uenyekiti? Shamba la bondeni? Nimepitia vyote nilivyo navyo, sijaona kinachomfaa. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatatu, 8 Septemba

Kliniki. 17.8. Sindano.

Nesi Sabina aliuliza nimekula nini wiki nzima. Kwa mara ya kwanza nikasema ukweli: wali, chapati, wali. Akauliza, siku tano katikati ya ziwa, hakukuwa na samaki? Nikamweleza kwamba ukoo wetu hauli samaki juu ya maji. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Ijumaa.

Aliweka kalamu chini na kutoka nje kidogo. Nilimsikia akicheka au akilia, ukuta ni mnene.

Aliporudi akanifundisha. Kubana ngozi, kuchoma, kuhesabu mpaka kumi. Kitu cha ajabu, haiumi. Miezi yote hii! Akaniambia pia kwamba kuna watu wanaofika hapa na 21 wakiwa wamebebwa, na wengine hawafiki. Alisema bila kukemea. Sikujua niangalie wapi.

Nje kwenye benchi alikuwa amekaa Stanislausi. Ametoka Murangi alfajiri na leo si siku yake ya kliniki. Aliniona na mfuko wa dawa, akasogea kunipa nafasi. Nikakaa. Nikamwambia kwamba yale niliyoyasema mkutanoni mwaka jana, nilikosea. Niliyasema kwa sauti ndogo sana. Akasema hakusikia, nirudie. Nikarudia. Akasema alisikia mara ya kwanza.

Tumecheka wote wawili. Nilijisikia mwepesi, kama nimetua gunia. Kidogo nimwambie kila kitu na Nyangi, leo hii, nikifika tu.

Lakini nikafikiri. Nyangi ana presha. Nyangi atalia. Nyangi atamwambia dada yake, na dada yake anauza sokoni. Hapana. Lazima kuna njia.

Jumanne, 9 Septemba

Nyumbani.

Dawa inataka baridi. Jana nilikificha kichupa, pamoja na sindano zake, nyuma ya mtungi wa maji, kwenye soksi, mahali ambapo mtu hawezi kufikiria. Asubuhi nimekikuta kwenye mlango wa friji, kimefunikwa kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, na sindano zimepangwa pembeni kwa mstari. Sikumbuki kukihamisha. Itakuwa nilikihamisha nikasahau. Umri huu si mchezo.

Chai imekuja bila sukari. Nyangi anasema sukari imeisha na safari hii hana haraka ya kununua. Bahati iliyoje! Mtu anapanga, na Mungu anasaidia.

Shangazi Wankyo amepiga simu. Goti limepata nafuu tangu arekebishe mwiko, analipandia kilima bila fimbo. Ukoo utakutana Desemba kuandika miiko yote kwenye daftari isije ikapotea, na mimi ndiye mtoa maelezo mkuu. Nimekubali. Sikujua namna ya kukataa. Na mbuzi, anasema, Lameck amemchukua kwake, hakuna anayethubutu kumchinja.

Mchana Nyangi ameandaa sato, mchicha tele, na ugali wa dona kiasi cha ngumi ya mtoto. Kwangu hivyo, na kwake hivyohivyo. Nyangi, ambaye bila wali husema hajala! Nikamwuliza mbona na yeye anakula chakula hiki.

Akasema, "Miaka thelathini na nne tunakulaga wote. Leo ndio nianze kula peke yangu?"

Sikuelewa kama hilo ni jibu au ni swali. Macho yake yalikuwa mekundu. Vitunguu, nadhani, ingawa kwenye mchicha sikuona kitunguu. Akamimina maji, akakaa, akaniuliza kama kuna jambo lolote nataka kumwambia. Akasema ana nafasi mchana wote.

Nilijua huo ndio wakati. Nikaweka kijiko chini. Nikamshika mkono. Nikamwambia kwamba kwetu, katika ukoo wetu, mwanaume akishatoka juu ya maji hali wali mwaka mzima, na kila jioni lazima aingie chumbani peke yake, afunge mlango, ahesabu mpaka kumi.

Alinitazama muda mrefu sana. Kisha akasema nisisahau kubana ngozi, akaenda kuosha vyombo.

Amekubali bila swali hata moja! Namhurumia. Mtu mwema namna hii, na anadanganyika kirahisi.